Kabla Hujatoa Fedha ya Wavu

Vudee hakuna pomboo. Mto wetu ukishuka kupita Bangalala na Makanya, sehemu kubwa ya mwaka maji yake yanaishia tambarare. Hata hivyo nawaandikia watu wa Vudee kwanza, na wa Same kwa jumla, kwa sababu fedha ya mlimani hufika baharini mapema kuliko maji ya mlimani. Mmoja anauza ng'ombe wawili, mwingine anachukua mkopo wa SACCOS, mwalimu mstaafu anapokea kiinua mgongo chake. Halafu kijana wa ukoo aliyehamia Tanga au Pangani anapiga simu: mjomba, kuna boti inauzwa, mashine ipo, kilichobaki ni wavu.

Mazungumzo ya simu hiyo huwa ni ya bei, mgawo na siku ya kurudisha. Sijasikia anayeuliza wavu utatupwa wapi, utatupwa saa ngapi, na utakaa majini muda gani kabla ya kuvutwa. Nakuomba uulize. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua, kuliko kitu kingine chochote, kama wavu ulionunuliwa kwa fedha yako utaua pomboo.

Wengi wetu uvuvi tumeujua kupitia bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale bwawani kosa linalosemwa kila siku ni makokoro na nyavu za macho madogo zinazozoa vifaranga vya perege. Basi mtu wa huku akionyeshwa wavu wenye macho mapana, hutulia moyo. Baharini hesabu ni nyingine. Wavu unaotisha zaidi kwa pomboo ni jarife, wenye macho mapana na uzi imara, unaotegwa kwa ajili ya papa, taa na samaki wakubwa. Dagaa wote wanapita salama. Anayenasa ni mnyama mwenye mwili mkubwa, awe papa, kasa, nguva au pomboo. Wavu wa pili wa hatari ni ule wa kuelea, unaoachwa uende na mkondo usiku kucha kuwangoja jodari na nguru.

Pomboo si samaki. Ana mapafu, ananyonyesha, na kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta hewa kwa tundu lililo utosini. Akinaswa mkia au pezi, akajizungusha kujinasua, uzi unazidi kumkaza, na hewa inamwishia akiwa anaona mwanga wa juu. Anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya dakika chache. Watu huuliza: mnyama mwenye akili hivyo anakosaje kuuona wavu? Pomboo hutafuta njia kwa kutoa milio na kusikiliza mwangwi wake. Boya linarudisha mwangwi vizuri, risasi za chini vilevile, lakini uzi mwembamba wa nailoni uliolowa unarudisha mwangwi hafifu sana. Tena mara nyingi anakuwa anafukuza samaki walewale ambao wavu umewategea, na masikio yake yote yako kwao.

Kifo kimoja kingekuwa msiba mdogo kama pomboo wangezaa kama perege. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha na kumlea kwa miaka miwili na zaidi, na hupitisha miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa tena. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, watafiti waliwakadiria pomboo wa eneo lile mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa karibu 150 wa aina yenye pua ya chupa, na kama 60 wa aina yenye nundu mgongoni. Makadirio ya baadaye yalionyesha kwamba nyavu za eneo hilo zilikuwa zikiua zaidi ya asilimia 5 ya kila kundi kwa mwaka, wakati kiwango ambacho wanyama hawa wanaweza kuhimili ni asilimia 1 hadi 2. Piga hesabu. Kwa kundi la 150, asilimia 5 ni wanyama saba au wanane. Wanaoweza kupotea bila kundi kupungua ni mmoja, wawili, au watatu kwa mbali, nao ni wa nyavu zote za eneo lile kwa mwaka mzima. Wavu wako mmoja unaweza kuimaliza nafasi hiyo kwa usiku mmoja mbaya.

Hao wenye nundu ndio wanaonitia hofu zaidi. Tangu mwaka 2017 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Wanapenda maji ya kina kifupi karibu na ufuo, kwenye miamba na midomo ya mito, yaani palepale ambapo mvuvi mwenye chombo kidogo anaweza kufika na kutega. Hawana mahali pengine pa kukimbilia, na wavuvi wetu wadogo nao hawana.

Kizimkazi yenyewe ina historia ambayo mtoa mtaji anapaswa kuijua. Zamani wavuvi wa pale waliwachoma pomboo kwa chusa na kuitumia nyama yao kama chambo cha papa. Kuanzia mwaka 1992 watalii wakaanza kulipa ili wapelekwe kuwaangalia wakiwa hai, na katika miaka ile ya 1990 uwindaji ukakoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ilimo Kizimkazi, ikatangazwa eneo la hifadhi. Chusa ziliwekwa chini, nyavu zikabaki. Mvuvi aliyeacha kabisa kuwinda pomboo anaweza bado kumuua bila kukusudia, na ndiyo maana sipendi kusikia wavuvi wakiitwa wauaji. Hakuna anayefurahi kumkuta pomboo wavuni: ni mnyama wa kilo 200 anayechana wavu, anampotezea mvuvi asubuhi nzima ya kazi, na hauziki kihalali, maana sheria zetu za uvuvi zinakataza kuvua mamalia wa baharini.

Na tusidhani ni jambo la Unguja peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba nyavu za jodari katika Bahari ya Hindi ziliua pomboo na jamaa zao wadogo wapatao milioni 4.1 kati ya mwaka 1950 na 2018. Nchi tisa zilibeba karibu mzigo wote huo. Iran ilikuwa ya kwanza, na Tanzania ilikuwamo katika hizo tisa.

Sasa turudi kwenye simu ya kijana wako.

Katika boti nyingi za pwani yetu, mauzo yakishatolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, yanayobaki hugawanywa kati ya mabaharia na wenye mali: chombo, mashine, wavu. Utaratibu unatofautiana diko (mahali pa kushushia samaki) hadi diko, lakini mwenye wavu ana sauti popote. Vudee tunalielewa hili vizuri kwa sababu ya ndiva, mabwawa yetu madogo ya kumwagilia: mkulima wa chini anaweza kuwa hodari wa jembe kuliko wote, lakini ratiba ya maji ikipangwa vibaya huku juu, shamba lake litakauka. Nahodha anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Kama umemnunulia wavu mrefu kupita kiasi na unampigia kila asubuhi kuuliza kilo ngapi, atautupa wavu wote na kuuacha usiku mzima.

Kwa hiyo sharti la kwanza liandikwe kwenye makubaliano yenu: wavu hauachwi peke yake. Wavuvi wengi wa jarife hutega jioni, hurudi ufukweni kulala, kisha huufuata alfajiri. Saa kumi au kumi na mbili za giza bila mtu. Mkikubaliana kwamba chombo kinabaki karibu na wavu na unakaguliwa kila baada ya saa chache, mambo mawili hutokea. Pomboo aliyenaswa karibu na uso wa maji anaweza kukutwa bado anapumua. Na samaki wanatoka wakiwa wazima. Anayejua mnada wa samaki anajua tofauti ya bei kati ya nguru aliyetolewa majini sasa hivi na yule aliyekufa tangu saa nne usiku, macho yameingia ukungu na kaa wameshamtoboa tumbo. Kijana atakuambia mafuta yatazidi na usingizi utapungua. Ana haki. Hapo ndipo mgawo wako unapotakiwa kulegea, kwa sababu huwezi kudai ulinzi wa pomboo ukamwachia mwenzako gharama yote.

Kama wavu ni wa kuelea, kuna dawa ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua, nayo ni kamba. Kwa kawaida wavu wa kuelea hutundikwa kwenye maboya ukianzia juu kabisa ya maji, pale pomboo wanapopanda kuvuta hewa. Kati ya mwaka 2013 na 2017, wavuvi wa jodari wa Pakistan, wakishirikiana na WWF ya nchi hiyo, walilinganisha nyavu za juu na nyavu zilizoshushwa kiasi cha meta 2. Zile zilizoshushwa zilinasa pomboo pungufu kwa zaidi ya robo tatu, na jodari hawakupungua kwa kiasi cha kuwavunja moyo wavuvi. Kinachofanyika ni hiki: kila boya linafungwa kwa kamba yake yenye urefu wa meta 2, ndipo kamba hiyo inashikizwa kwenye kamba kuu ya juu ya wavu, na vile viboya vidogo vilivyoshonwa kwenye kamba kuu vinapunguzwa hadi wavu ukubali kuzama. Pimeni kwa futi ya fundi, si kwa pima ya mkono, kwa sababu mikono hutofautiana. Ujaribuni wavu mchana, maji yakiwa matulivu, mtu apige mbizi kuangalia kama kamba kuu imeshuka kweli au imepinda katikati na kurudi juu. Kupita chini ya uso wa maji kuna faida nyingine ambayo mwenye mali ataipenda: boti zinazopita usiku hazikati wavu kwa urahisi. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama, ilishaagiza kina hicho cha meta 2 kwa nyavu za namna hii kufikia mwaka 2023, na tangu mwanzo wa mwaka 2022 imepiga marufuku nyavu za kuelea zenye urefu wa zaidi ya kilometa 2.5 katika eneo lake lote. Kijana akikuomba fedha ya kuunganisha wavu mrefu kuliko huo, usitoe.

Kwa jarife la kukaa chini, dawa hiyo haifai, na hapa naomba usomaji wa makini. Kulishusha jarife kwenye kina kirefu zaidi ni kuhamisha madhara tu. Tangu miaka ya 2000 majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu mbele ya Tanga, Kigombe ikiwamo, yamekuwa yakinasa silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wamenaswa kwa makumi. Hifadhi ya bahari ya Tanga iliyotangazwa mwaka 2009 ilipewa jina la samaki huyo. Na kwenye maji ya kina kifupi ya Rufiji na Mafia, jarife ndilo lililowamaliza nguva mpaka sasa kuonekana kwao ni habari. Ushauri wangu kwa mtoa mtaji ni wazi: kama hujanunua bado, usinunue jarife. Fedha hiyohiyo inaweza kununua mishipi, ndoana, barafu na sanduku zuri la kuhifadhia samaki. Mvuvi wa mshipi anapata kilo chache lakini anashusha changu na chewa wa daraja la kwanza, na pomboo hana sababu ya kufa. Mitego ya madema nayo ni salama kwa pomboo, ingawa inahitaji mtu anayejua mahali yalipo mafungu ya miamba.

Kama jarife lipo tayari na kaya tatu zinalitegemea, simwambii mtu alichome kesho. Lifupisheni. Litegwe mchana. Mahali panapojulikana kwa pomboo pasitegwe kabisa, na wanaopajua ni mabaharia wenyewe: waulize ni wapi huwaona wakiwa na watoto, ni mlango upi wa miamba huwa wanapita maji yakijaa, na msimu gani, wa kaskazi au wa kusi. Nahodha yeyote wa miaka kumi anakujibu bila kufikiri. Mkubaliane pia kwamba pomboo wakionekana mahali pa kutega, chombo kinasogea kwingine kwanza. Wapo wanaofanya kinyume: wanawafuata pomboo kwa sababu palipo na pomboo pana jodari chini, kisha wanautupa wavu katikati yao. Hilo likatae moja kwa moja, hata kama kilo zitapungua.

Utasikia pia habari za vifaa vya kisasa. Kuna vidude vinavyofungwa kwenye wavu na kutoa mlio kila baada ya muda mfupi ili kumjulisha pomboo kwamba mbele kuna kitu. Mwaka 1994, kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, nyavu zenye vidude hivyo zilinasa nungubahari wawili, na nyavu zisizo navyo zikanasa 25. Hao ni jamaa za pomboo wenye pua butu, wasioishi kwenye pwani yetu. Zanzibar navyo vimejaribiwa, na Omar Amir, mtafiti wa pomboo aliyehitimu shahada ya uzamivu Stockholm mwaka 2010, alivitaja kuwa msaada wa muda mfupi. Maneno hayo ya muda mfupi yana uzito. Kidude kimoja hakitoshi, vinahitajika vingi kwa kila wavu, betri zinaisha, na kimoja kikizimika katikati kinaacha pengo ambalo pomboo anaweza kulidhania kuwa njia. Huko Peru taa ndogo za kijani zilizofungwa kwenye nyavu zilipunguza pomboo walionaswa kwa karibu asilimia 70 bila samaki kupungua, na kasa walipona pia. Mimi kati ya hivyo viwili ningechagua taa, kwa sababu baharia anaiona kwa macho yake kama inawaka. Lakini visiwe jambo la mtu mmoja. Vinunuliwe na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukwe (BMU) cha diko zima kwa msaada wa mradi au halmashauri, na mtoa mtaji wa mlimani asidanganywe kwamba akichangia vidude, masharti mengine yameisha.

Pomboo akikutwa hai, mabaharia wawe wameshaambiwa la kufanya kabla ya siku hiyo, maana mnyama wa urefu wa kitanda anayepiga mkia gizani hatoi nafasi ya kujifunza. Mashine izimwe. Wavu uvutwe polepole hadi kichwa chake kiwe juu ya maji, na mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu, kuhakikisha tundu la utosini haliingii maji wala halifunikwi na mkono au uzi. Asivutwe kwa mkia, asivutwe kwa pezi, asichomwe ndoano ya kuopolea. Kisu kikate macho ya wavu yaliyomshika, kiache kamba kuu, hapo hasara inabaki ndogo na wavu utashonwa. Kipande chochote cha uzi kisibaki kimemzunguka, kwa sababu kitamkata kadiri anavyokua. Akiwa na mtoto anayezunguka pembeni, msimfukuze mtoto. Na hapa ndipo mtoa mtaji anaposema neno lake mapema: wavu utakaokatwa kumwokoa pomboo ni hasara yangu, haitakatwa kwenye mgawo wa mabaharia. Mtu akijua atalipishwa macho ya wavu, atasita, na kule kusita kwa dakika mbili kunatosha kumuua.

Kwa sisi tunaonunua samaki sokoni Same, uwezo wetu ni mdogo kuliko tunavyotaka kuamini. Papa mkavu aliyefika kwa lori amepita mikono mingi, na muuzaji hawezi kukuambia alinaswa kwa wavu gani. Karibu kila papa mkubwa ametoka kwenye jarife au dhulumati (mshipi mrefu wa ndoana nyingi), basi mimi nimeacha kumnunua, na sitamlaumu aliye na watoto wa kulisha kwa fungu lile. Dagaa, vibua na perege wa Nyumba ya Mungu hawana lawama hii. Anayesafiri na wanafunzi kwenda Kizimkazi achague nahodha asiyewakimbiza pomboo wala kuwazunguka kwa boti. Wanaosumbuliwa hupoteza muda wa kupumzika na kunyonyesha.

Pomboo akikutwa amekufa, kishawishi ni kumzamisha na kunyamaza kwa kuogopa kesi. Kwa kunyamaza huko, diko linaweza kupoteza pomboo kila mwezi na hakuna anayejua. Kubaliana na nahodha wako awe na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, na kila tukio liandikwe: tarehe, mahali kwa jina la fungu au mlango, kina kwa pima, wavu wa aina gani na wa urefu gani, ulitupwa saa ngapi na ulivutwa saa ngapi, pomboo alikuwa na nundu au hana, dume au jike, na urefu wake kwa kamba iliyopimwa. Picha ya simu ya ubavu mzima na ya pezi la mgongoni itawasaidia sana watafiti, kwa sababu pezi ndilo wanalotumia kumtambua mmoja mmoja. Taarifa ipelekwe kwa afisa uvuvi kupitia viongozi wa BMU, ambao wataifikisha kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, au kwa upande wa visiwani Taasisi ya Sayansi za Bahari. Nyama isigawanywe wala kuuzwa. Nawe, kila mnapofanya hesabu ya mgawo mwisho wa mwezi, omba kuliona daftari hilo pamoja na risiti za mafuta. Likiwa tupu miezi yote, uliza; likiwa na tukio, lisomeni pamoja muone ni saa ngapi na ni wapi, kisha mbadilishe mahali au saa ya kutega kabla ya mwezi unaofuata.